Swali la Nane la Karatasi ya Michoro

Mara ya kwanza nilipofanya jaribio la kuingia kazini hapa Birmingham, nilijibu maswali kumi na moja kati ya sitini. Yote kumi na moja yalikuwa sahihi. Nilitoka mle chumbani kifua mbele, nikimshukuru Mwenyezi Mungu, nikingoja kuitwa nipongezwe. Niliitwa kweli, lakini si kwa pongezi.

Nawaandikia haya ninyi wajukuu, na wenzenu wanaokuja nyumbani na karatasi zao za kuombea kazi. Juzi mjukuu wangu Nuru alikuwa jikoni akifanya jaribio la namna hiyo kwenye kompyuta, saa ikihesabu kurudi nyuma pembeni mwa kioo. Akaniuliza, kwa Kiingereza kama ilivyo kawaida yake, kama enzi zetu tuligonga mlango wa kiwanda tukapewa kofia tukaanza kazi. Nikamjibu, kwa Kiswahili kama ilivyo kawaida yangu, kwamba kofia tulipewa, ndiyo, lakini ya kufagilia. Ukitaka kofia nyingine, unafanya mtihani.

Ilikuwa mwisho wa miaka ya sitini. Nilikuwa kijana wa Mombasa, mtaa wa Kibokoni, niliyelelewa katika chuo cha Kurani cha ami yangu, Maalim Athmani. Hapa nilipata kazi katika kiwanda kimoja cha Saltley, upande wa kusubu, panapoyeyushwa chuma na kumiminwa ndani ya kalibu za mchanga. Kazi yangu ilikuwa kuvunja kalibu zikishapoa na kuondoa mchanga. Mchanga ule, wanangu, si kama wa pwani. Ni vumbi jeusi, laini kama poda, huingia puani, masikioni, hata ndani ya mkate uliofungwa kwa karatasi. Mwaka wa pili nikaanza kukohoa, na kikohozi hakikutaka kwenda. Daktari akaweka chombo chake mgongoni mwangu, akasikiliza muda mrefu kuliko nilivyopenda, akasema, "Toka kwenye vumbi hilo ungali kijana. Ukibaki miaka mitano, sitakuwa na dawa yako."

Mahali pa pekee pasipo na vumbi ambapo mtu kama mimi angeweza kuhamia palikuwa chumba cha ukaguzi. Huko watu walivaa makoti meupe, wakapima vyuma kwa maikromita, madirisha yamefungwa. Kuingia huko kulitaka jaribio la karatasi mbili: moja ya maneno na hesabu, maswali sitini, nyingine ya michoro ya magurudumu, kamba na mizani, maswali ishirini, iliyochorwa na mafundi wa kiwanda wenyewe. Na sheria ya kiwanda ilikuwa mtu hujaribu mara mbili tu. Ukishindwa ya pili, unabaki ulipo.

Basi hiyo ya kwanza ndiyo niliyojibu kumi na moja.

Tulikaa watu wanane katika chumba cha ofisi ya wafanyakazi. Msimamizi alikuwa mama mmoja mnene, mpole, jina lake Bi Perks, mwenye saa ya kupimia sekunde iliyoning'inia shingoni kwa utepe. Akasema "anzeni", nami nikaanza kama nilivyofundishwa kusoma tangu nina miaka mitano: kwa sauti, huku nikiyumba mbele na nyuma. Chuoni kwetu mtoto anayesoma kimya hudhaniwa amelala. Sikuwa nimefika swali la pili nilipoona vichwa saba vimenigeukia.

"Bab," akasema Bi Perks, na hilo ndilo neno la watu wa hapa la kumwita mtu kwa upole, "unazungumza na nani?"

"Nasoma, mama."

"Soma kwa macho, mpenzi. Hao wenzako wanasikia majibu yako."

Mmoja nyuma akasema, "Mwache, Bi Perks, nilikuwa nanakili!" Wakacheka wote, nami nikacheka, nikafunga mdomo. Lakini kosa la sauti lilikuwa dogo. Kosa kubwa hakuna aliyeliona, hata mimi. Kwa Maalim Athmani hukufungua ukurasa wa pili mpaka wa kwanza umekaa moyoni. Ulikuwa ukikwama kwenye aya moja, unabaki hapo siku nzima, wiki nzima, wenzako wakikupita. Kuruka kulikuwa utovu wa adabu. Kwa hiyo nilipofika swali gumu sikuliacha. Nililikalia, nikalizunguka, nikalipindua, nikalijibu, nikalihakiki mara mbili, ndipo nikaenda kwa jirani yake. Nilipomaliza la kumi na moja Bi Perks akasema, "Wekeni kalamu chini."

Aliponiita baadaye alikuwa ameishika karatasi yangu kama mtu aliyeokota kitu asichokijua. "Sijawahi kuona hivi," akasema. "Hukukosa hata moja. Na umeshindwa vibaya kuliko wote."

Aliyenicheka kwa uchungu zaidi alikuwa Bwana Gurdev. Huyu alikuwa Kalasinga, kama tunavyowaita kwetu, mtu wa makamo mwenye kilemba cha samawati ambacho jioni kilikuwa cheusi kwa vumbi. Alifanya kazi katika karakana ya reli Nairobi miaka ishirini na tano, akikereza vyuma, kisha akaja huku na wanawe, na hapa akapewa sepetu kando yangu kwenye mchanga. Siku ya kwanza nilipomsikia akilaani kalibu kwa Kiswahili nilikaribia kumkumbatia. Kiswahili chake kilikuwa cha karakana, hakikujali ngeli ya mtu, lakini katikati ya Saltley kilikuwa kitamu masikioni mwangu. Aliniita Maalim, kwa mzaha, kwa sababu niliswali mapumziko ya chai.

"Kumi na moja!" akasema. "Maalim, wewe iko soma kama kuku nakunywa maji. Moja, naangalia juu. Moja, naangalia juu."

"Nilitaka yawe sahihi, Bwana Fundi."

"Sahihi ya nini? Hii mtu hapana uliza wewe najua nini. Yeye nauliza saa moja napata ngapi."

Akajitolea kunifundisha. Sikumwomba. Alisema kikohozi changu kinamchosha.

Tulisomea mahali pawili: kwenye chai, tumekaa juu ya kasha la kalibu, na Jumamosi katika chumba nilichopanga Winson Green, dirisha likitazama ukuta wa gereza. Nilikuwa nimeazima maktaba kitabu cha majaribio ya aina hiyo. Bwana Gurdev hakukishika. "Soma wewe, mimi nasikia," alikuwa akisema kila mara, akifumba macho. Nilidhani macho yamemchoka.

Kuna swali moja la kitabu kile sitalisahau. Wanyama wanne: ng'ombe, kondoo, nguruwe, farasi. Yupi si wa kundi? Nikamwambia hili ni jepesi, nikaweka alama kwa nguruwe.

"Kwa nini nguruwe?"

"Si halali kuliwa. Wengine wote huchinjwa."

"Bure kabisa," akasema. "Iko ng'ombe. Mimi nakula ile ingine yote. Ng'ombe mimi hapana kula."

Tukabishana mpaka chai ikapoa. Hatimaye nikafungua majibu nyuma ya kitabu. Ilikuwa farasi, kwa sababu hao watatu Mwingereza huwala, farasi humpanda. Kisha Bwana Gurdev akacheka mpaka akashika mbavu, na tangu siku hiyo, swali likitutatiza, mmoja wetu alisema tu, "Nani atakula?" Hapo nikajifunza kitu ambacho hata Nuru na kompyuta yake anakihitaji: usijibu unavyoona wewe, jiulize aliyetunga swali alikuwa amekaa wapi na amekula nini. Nililiona ajabu, na bado naliona ajabu, kwamba wanaliita jaribio la akili na kumbe nusu yake ni kujua mezani kwa mwenzio kuna nini.

Kwa magurudumu alikuwa mwalimu wa kweli. Alichora kwenye mchanga kwa kidole. Magurudumu mawili yenye meno yakishikana, moja likienda kulia jingine huenda kushoto. Kwa hiyo usikae kuwaza; chora mshale juu ya la kwanza, mshale wa kinyume juu ya la pili, wa kinyume tena juu ya la tatu, mpaka ufike unaloulizwa. Mkanda wa kawaida hauzungushi kinyume, mkanda uliopishana huzungusha. Kwenye kapi, hesabu kamba zinazobeba mzigo. Kwenye mfululizo wa namba, andika chini tofauti ya kila jozi, usiamini macho. Vijana, haya bado yanaulizwa. Nimeyaona kwenye kioo cha Nuru, yamepakwa rangi tu.

Kilichotushinda kilikuwa kuruka. Bwana Gurdev alileta mkebe wa skrubu na nati za kila aina, akaweka saa ya kuamshia mezani, nami nizitenge kwa saizi. Nisiyoijua niisukume pembeni nisiiangalie. Sikuweza. Mkono wangu uliirudia yenyewe.

"Wacha!" alifoka. "Iko ngumu, wacha, nenda!"

"Nitaiachaje sijaijua?"

"Yeye hapana kimbia, Maalim. Iko hapo. Skrubu hapana miguu."

Miezi mitatu ikapita hivyo, kikohozi kikizidi. Nilianza kulala nimeketi. Tarehe ya jaribio la pili ilikuwa imebandikwa ukutani, jina langu limo, na nilijua nitarudia makosa yale yale.

Siku moja ya Jumapili nilikwenda Balsall Heath, kwenye nyumba moja ya safu iliyofanywa msikiti, kuswali adhuhuri. Basi lilichelewa. Nilipoingia, imamu na jamaa walikuwa tayari katika rakaa ya tatu. Nikafanya kama kila Mwislamu afanyavyo, kama nilivyofanya mara elfu bila kuwaza: nikafunga swala nikaungana nao palepale walipo. Sikuanza ya kwanza peke yangu huku wao wakinipita. Imamu alipotoa salamu nikasimama, nikamalizia rakaa mbili nilizokosa. Masbuki, mtu aliyechelewa, sheria yake ni hiyo. Maalim Athmani mwenyewe ndiye aliyenifundisha, kwa kiboko.

Nilikuwa kwenye rakaa ya mwisho yangu, peke yangu mbele ya ukuta, wazo liliponiingia kichwani: saa ya Bi Perks ndiyo imamu. Mfuate alipo. Kilichokupita utakilipa baada ya salamu.

Namwomba Mungu anisamehe kwa kuwaza skrubu ndani ya swala. Lakini sidhani wazo lile lilitoka kwa shetani.

Kesho yake nikamweleza Bwana Gurdev. Alisimama na sepetu mkononi.

"Hii ndio maneno mimi nasema miezi tatu!"

"Najua."

"Gurdev nasema, wewe hapana sikia. Naenda msikiti mara moja, nasikia!" Akatikisa kilemba. "Haya. Mungu iko fundi kubwa kuliko mimi. Leta mkebe."

Siku hiyo skrubu zilikwenda.

Jaribio la pili nililifanya midomo imefungwa. Maswali magumu nikayazungushia duara nikapita, kila duara likiniuma kama deni la swala. Nikafika la sitini, nikarudi, nikalipa nilivyoweza. Kwenye karatasi ya michoro yote yalikwenda sawa isipokuwa la nane: magurudumu matatu yenye meno. Nilichora mishale, ikanigongana. Nikaliacha, nikalirudia, ikanigongana tena. Sekunde zikabaki chache, nikaweka alama kwenye "kulia", si kwa sababu nyingine ila kwamba mkono wa kulia ndio wenye baraka.

Nikafaulu. Wiki ile nikavaa koti jeupe. Kikohozi kilichukua mwaka mzima kuniaga, lakini kiliniaga, na pumzi ninayoandikia barua hii ni ile niliyoipata katika chumba kile. Nilikaa ukaguzi mpaka nilipostaafu.

Lakini kila asubuhi nilipita mlango wa kusubu, nikamwona mwalimu wangu kwenye mchanga, na sasa yeye ndiye aliyekuwa akikohoa.

Nafasi ikatokea karakana ya vifaa, mahali pa kukereza, kazi aliyoifanya maisha yake yote. Jaribio lake lilikuwa ile karatasi ya michoro peke yake. Nikamletea fomu. Akaikunja mara nne akaiweka mfukoni. Kesho yake nikamwuliza, akasema bado. Keshokutwa nikamwambia, "Bwana Fundi, leo ndiyo mwisho. Ijaze."

"Jaza wewe."

"Mimi nimeshika maikromita. Andika jina tu na anwani, hapo juu."

Aliikunjua ile fomu. "Hapo juu wapi?" akauliza polepole.

Ndipo nilipoelewa kwa nini hakukishika kitabu hata siku moja. Niliona aibu, si kwa ajili yake, kwa ajili yangu. Mtu amenitoa mchangani kwa kitabu ambacho yeye mwenyewe hawezi kukisoma, na sikuwahi kuuliza.

"Kipunjabi nasoma," akasema. "Mchoro nasoma. Hii ya Mwingereza, nasikia, lakini karatasi yake hapana ingia kwa kichwa. Basi. Wacha maneno."

Sikuacha. Nilikwenda kwa Bi Perks nikamwomba niketi na Bwana Gurdev nimsomee maswali kwa sauti, kwa Kiswahili, yeye ajibu kwa kidole.

"Wewe tena na sauti yako," akasema. "Sijui hata neno moja la lugha yenu, bab. Nitajuaje kama humpi majibu?"

"Ni mwezi wa Ramadhani, Bi Perks. Nimefunga. Nikidanganya, saumu yangu imekwenda bure. Nami sitaki kushinda njaa bure."

Alicheka, akaenda kumwuliza mkubwa wake, akarudi na ruhusa. Mara mbili tu, akakumbusha, kama watu wote.

Tukaketi watatu. Bi Perks akabonyeza saa. Mimi nikasoma, na kwa mazoea nikaanza kuyumba. Bwana Gurdev alikuwa akiweka kidole kwenye jibu kabla sijamaliza sentensi. La kwanza, la pili, la tatu. Kapi, mkanda, mizani. La saba. Tukafika la nane.

"Gurudumu la kwanza likienda kulia," nikasoma, "la tatu litakwenda wapi? Kulia, kushoto, au kulia kisha kushoto?"

Kidole hakikushuka.

"Soma tena."

Nikasoma tena. Saa ya Bi Perks ilikuwa ikigonga. Nilitaka kumwambia ruka, skrubu hazina miguu, lakini nilikuwa nimefunga na nimeapa. Neno lolote nisilolisoma kwenye karatasi lingekuwa hila.

"Hapana," akasema.

"Hapana nini?"

"Hii hapana zunguka." Akamgeukia Bi Perks, akaisogeza karatasi, akazungumza Kiingereza chake chote kwa mara moja: "Mama, haya matatu yameshikana yote. Hili lashika lile, lile lashika hili, na hili tena lashika la kwanza. Yamekwama. Weka mashine namna hii, meno yatakatika. Jibu si moja kati ya haya."

Bi Perks akaitazama karatasi. Akanitazama mimi, koti jeupe la ukaguzi, niliyeandika "kulia". Kisha akafanya jambo ambalo sikuwahi kumwona akifanya: akabonyeza saa ikasimama. Akatoka na karatasi. Bwana Gurdev akakohoa ndani ya leso.

Alirudi na mkuu wa karakana ya vifaa, mzee mwembamba mwenye miwani juu ya paji. Mzee yule akaweka kidole kwenye gurudumu la kwanza, akakipeleka la pili, la tatu, akarudi la kwanza. Akafanya hivyo mara mbili.

"Nimeichora mwenyewe," akasema. "Inatumika humu miaka mingapi sasa, Bi Perks?"

"Tangu kabla sijaja."

"Na wote wamejibu?"

"Wote wamejibu."

Akamtazama Bwana Gurdev, kilemba, vumbi, leso. "Mengine yaliyobaki," akasema, "mwacheni amalize, kwa ajili ya faili. Jumatatu aje kwangu." Bi Perks akabonyeza saa, nami nikasoma swali la tisa.

Kazi ya kwanza aliyoifanya Bwana Gurdev kwenye mashine ya kukereza, wakati wa mapumziko, ilikuwa magurudumu matatu madogo ya shaba, yamepigiliwa juu ya kibao, kila moja limeshika mengine mawili. Akaniletea ukaguzi akayaweka mbele yangu.

"Maalim. Wewe naandika kulia, eh? Haya. Peleka kulia."

Kibao kile kipo juu ya kabati la vyombo, sebuleni kwangu. Kila kijana anayekuja kuniuliza juu ya majaribio ya kazi, kabla sijamwambia neno, nampa akizungushe. Nuru alijaribu dakika kumi nzima, ulimi nje, kulia, kushoto, kulia tena. Kisha akakiweka mezani, akanitazama, na kwa mara ya kwanza tangu aanze shule akanijibu kwa Kiswahili.

"Babu, hiki kimekwama."

Nikamwambia, vizuri, mwanangu. Sasa tunaweza kuanza.